Futi Sitini Kutoka Banda la Mbwa

Mwaka nilioajiriwa katika ofisi ya maji pale Mpanda, katikati ya miaka ya sabini, barua yangu ilisema kazi yangu ni kuchora ramani. Nilikuwa nimetoka kozi ya miezi tisa Dar es Salaam na nilirudi na kalamu tatu za wino, rula ndefu ya mbao na cheti nilichokiviringisha ndani ya kanga kisipate vumbi la treni. Nyumbani kwetu Mpimbwe, ambako watu wanajua mpunga na mahindi, mama aliniuliza kazi hiyo ni ya nini hasa. Nikamwambia nitachora mahali mabomba ya maji yanapopita chini ya ardhi. Akafikiri, akauliza kama mabomba hayo huwa yanahama. Nikasema hapana. Basi, akasema, nikishayachora mara moja kazi itakuwa imekwisha, nirudi mapema tupandikize mpunga.

Hakujua, na mimi nilikuwa bado sijajua, kwamba Mpanda nzima hapakuwa na mtu wa kusema mabomba yanapita wapi. Yalifukiwa enzi za mgodi. Wazungu wa mgodi walipoondoka waliacha tangi kilimani, nyumba chache za matofali na maji yakitoka. Na kwa kuwa maji yalikuwa yanatoka, hakuna aliyejisumbua kuuliza yanafikaje.

Swali hilo lilikuja lenyewe siku walimu wa shule moja ya msingi waliposimika magoli mapya ya mpira. Shimo la kwanza lilikwenda vizuri. La pili mtaimbo ulikita kwenye chuma, mwalimu akadhani ni jiwe, akaongeza nguvu. Maji yaliruka juu kuliko goli lenyewe. Mwalimu yule, mtu mnene na mwenye moyo wa kujitolea, aliona njia pekee ya kuyazuia ni kuyakalia. Alikalia shimo, na maji yakamwinua taratibu, yakamweka pembeni. Akarudi kukaa. Yakamwinua tena. Tulipofika na spana, fundi wetu mkuu na mimi, alikuwa katika mara ya tano au ya sita na alikuwa anatueleza kwamba yanapungua.

Mji ulikaa siku nne bila maji. Baada ya hapo ikatoka amri wilayani: mtu asichimbe kitu chochote mjini, hata shimo la taka, kabla ofisi ya maji haijafika kumwonyesha bomba lilipo. Mkubwa wetu aliisoma amri ile kwa sauti ofisini. Tulizoea kumwita Bwana Maji, na yeye alipenda. Alikuwa mrefu, alivaa tai hata Oktoba, joto lile ambalo mbuzi wanakaa ndani ya mitaro. Alipomaliza kusoma alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa na rula.

"Binti, wewe ndiye umesomea," akasema. "Nitafutie bomba."

Haikuwa amri ya kuchezea. Kwenye kiwanja cha zahanati kulikuwa na waashi wameshapiga kambi, wamekuja kujenga wodi ya wazazi. Akina mama wa Mpanda walikuwa wanajifungulia kwenye chumba kimoja pamoja na wagonjwa wa malaria na waliovunjika miguu, na wodi ile ilisubiriwa kuliko mvua. Matofali yalikuwepo, saruji ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema msingi uchimbwe wapi bila kutoboa bomba kuu, ambalo kila mtu aliamini linapita pale karibu na hakuna aliyejua karibu ni wapi. Msimamizi wa waashi alitupa wiki moja. Baada ya hapo, alisema, atachimba, na kitakachoruka na kiruke.

Nilipekua stoo siku mbili. Nyuma ya makopo ya rangi nikaipata ramani ya mgodi, imechorwa kwenye kitambaa cha nta, kazi safi kabisa. Mchwa walikuwa wameila katikati. Hawakula pembeni, hawakula maelezo, walikula mji. Kilichobaki ni tangi upande mmoja, stesheni upande wa pili, na kwenye ukingo orodha ya vipimo kwa Kiingereza. Nilikaa nayo kwenye meza, nikaitafsiri, nikadhani nimekosea, nikaitafsiri tena. Yule injinia wa mgodi alikuwa amepima kila kitu kuanzia sehemu moja. Bomba kuu, kutoka banda la mbwa, futi sitini mashariki. Valvu, kutoka banda la mbwa, futi mia na kumi. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa ukurasa.

Fundi mkuu aliposikia alicheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa saruji, na mfuko ukapasuka. Alikuwa Mfipa wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa kama sepetu, na aliyafahamu mabomba yote yaliyo juu ya ardhi. Ya chini aliyaheshimu tu. Alisema Mzungu yule alimpenda mbwa wake kupita kiasi. Lakini nyumba ya injinia ilishabomolewa, watu walishachukua matofali yake, pamebaki kichaka na sakafu mbili tatu. Banda la mbwa nani angelikumbuka?

Tuliulizia stesheni, tukaulizia sokoni, tukaulizia kanisani baada ya misa. Mwisho tukaambiwa yupo mzee aliyekuwa mpishi wa injinia, ameacha mambo ya mjini na sasa analima Sibwesa. Tulimfuata na Landrova ya ofisi, fundi mkuu anaendesha, mimi nimeshika ramani magotini kama mgonjwa.

Tulimkuta anapukuchua mahindi. Alikuwa mzee mkavu, mwenye adabu nyingi, aliyetukaribisha kwa uji na kusikiliza habari zetu zote bila kuingilia. Nilipotamka neno mbwa akaweka bakuli chini. Alisema kwa miaka saba alimpikia mbwa yule nyama laini, bila mfupa, wakati yeye mpishi anakula mifupa ileile iliyotolewa. Mbwa alikuwa na sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu, na ilikuwa lazima ioshwe kabla ya sahani za wageni. Fundi mkuu akamuuliza mbwa huyo aliitwaje. Mzee akasema jina lake analijua, ila aliapa hatalitamka tena, na mpaka leo hajalitamka.

Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba akae mbele. Kwa hiyo mimi nilirudi Mpanda nyuma ya Landrova, pamoja na debe la mahindi na kuku wawili aliowaletea ndugu zake, na ramani yangu chini ya kuku.

Asubuhi tulimpeleka kwenye kichaka. Alisimama, akageuka mara mbili, akatafuta jua. Nikamuuliza kwa heshima, kama nilivyofundishwa kuwauliza wazee:

"Mzee wangu, yule mbwa alikuwa analala wapi?"

Akanyoosha mkono bila kusita. "Pale."

Tulisafisha, tukaona kweli kuna sakafu ya saruji na kizingiti. Nilifurahi sana. Niliweka kigingi, nikaifungua tepu, tukapima futi sitini mashariki, fundi mkuu akavua shati akaanza kuchimba. Bwana Maji mwenyewe alikuja kushuhudia, na msimamizi wa waashi, na waashi wake wote. Kwenye futi tatu sepetu ililia. Fundi mkuu akaacha sepetu, akaingiza mikono, akatoa sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Chini ya sahani kulikuwa na mifupa.

Mzee alivua kofia. Nilidhani ni huzuni, kumbe alikuwa anajipepea. Alituambia kwamba kumbe ni hapa, na kwamba yeye ndiye alimchimbia kaburi hili, huku injinia amesimama pembeni analia na anamtaka aongeze kina. Alisahau mahali kwa sababu siku ile alikuwa amekasirika mno.

Nikauliza, sasa ikiwa hapa ni kaburi, na tumepima sawasawa, bomba liko wapi? Ramani ilisema kutoka bandani.

"Kwani umeniuliza banda?" akasema mzee. "Umeniuliza alikokuwa analala. Alikuwa analala mlangoni kwangu, jikoni. Pale ni jikoni."

"Na banda lake?"

Mzee alitazama kofia yake, akaizungusha. Waashi walikuwa wanasikiliza. Alisema banda lilikuwepo, zuri, la matofali, lenye bati na mlango. Mbwa alilikataa kuanzia siku ya kwanza. Kibanda chake yeye mpishi kilikuwa cha nyasi na kilivuja. Basi masika ilipoanza alihamia yeye kwenye banda la mbwa, akakaa humo masika saba, na injinia hakuwahi kujua kwa sababu kila alipopita jioni aliona mbwa yuko mlangoni jikoni akadhani anamsubiri mpishi.

Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha mzee mwenyewe akaanza, na baada ya hapo hatukuweza kujizuia, hata msimamizi wa waashi, ambaye sikuwahi kuona meno yake mpaka siku hiyo.

Tukamwomba atuonyeshe banda. Alitembea akavuka kichaka, akafika kwenye uzio wa jirani, akaonyesha ndani. Uzio ule ulikuwa wa Bwana Maji, na mahali alipoonyesha palikuwa ukingoni mwa migomba yake.

Hapa lazima nieleze migomba hiyo, maana Mpanda nzima iliijua. Kiangazi, wakati kila kitu kimekuwa rangi ya barabara, migomba ya Bwana Maji ilikuwa kijani kibichi, minene, mikungu imeinamia chini mpaka imetegemezwa kwa miti. Sabasaba iliyopita alipewa jembe jipya na cheti cha mkulima bora, na tangu hapo alikuwa anatoa somo. Ukienda kuomba ruhusa ya msiba, kwanza unasikiliza habari za mbolea ya samadi. Alikuwa amemfundisha fundi mkuu, amenifundisha mimi, alimfundisha hata padri. Siri, alisema, ni kuiva kwa samadi.

Kwa hiyo tulipotaka kuingiza tepu kwenye migomba alisimama kwenye mlango wa uzio akatandaza mikono. Alisema mzee ameshakosea mara moja, na hawezi kuruhusu mazao ya mkulima bora yakatwe kwa ushahidi wa mbwa. Alisema kuna njia ya kisayansi. Akaingia ndani, akatoka na waya mbili za shaba zilizopindwa kama herufi L, akaeleza kwamba amesoma gazetini jinsi Ulaya wanavyotafuta maji ya ardhini: unashika waya mbele yako, unatembea taratibu, waya zikipishana hapo ndipo penyewe.

Alitembea mpaka alasiri. Alitembea na tai yake, viwiko vimebana mbavuni, macho yamekodolea waya, na mimi nyuma yake na ndoo ya chokaa namwaga alama kila zilipopishana. Zilipishana sana. Mstari wangu wa chokaa ulitoka zahanati, ukaenda sokoni, ukarudi, ukazunguka choo cha stesheni mara mbili, ukapita mbele ya migomba kwa tahadhari kubwa bila kuigusa, ukaishia mlangoni kwa fundi baiskeli. Fundi baiskeli akatuomba tusihamishe chokaa, imependeza.

Bwana Maji alichagua mahali ambapo waya zilipishana kwa nguvu kuliko pote, akaamuru pachimbwe. Tulitoa springi za kitanda. Kitanda kizima cha springi, cha enzi za mgodi, kimefukiwa kimesimama wima. Fundi mkuu alikilaza chini, akakikalia, akaruka ruka mara mbili, akasema kiko imara kuliko chake cha nyumbani, na jioni akakibeba.

Zilikuwa zimebaki siku mbili za ile wiki. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya ofisi, nimechoka, nafikiria upandikizaji wa mpunga, pale mlinzi wetu wa mchana aliponisogelea. Alikuwa Mkonongo wa upande wa Inyonga, mtu wa maneno machache, ambaye kabla ya kuajiriwa alikuwa mrina asali katika misitu ya kule mpaka Ugalla. Akanieleza, huku anaangalia pembeni kama mtu anayeomba samahani, kwamba yeye hakuwahi kufungua mzinga bila kujua kilichomo. Unaweka sikio kwenye gogo, alisema, unagonga kidogo, unasikia kama nyuki wapo, kama ni wengi, kama wamekasirika. Bomba nalo si ni mzinga tu, ila mrefu?

Nikamwita fundi mkuu. Tulipanga hivi: yeye apande kilimani na nyundo, agonge bomba linalotoka kwenye tangi, mapigo kumi kisha apumzike, mapigo kumi kisha apumzike. Mlinzi asikilize mjini. Tulianzia kwenye bomba la kuchotea la sokoni, ambako tulijua kwa hakika kwamba maji yapo. Mlinzi alisimika mtaimbo ardhini, akaegemeza sikio kwenye ncha ya juu, akafumba macho. Akaitikia kwa kichwa kuwa anasikia. Akasogea hatua tano, akasikiliza, akarudi hatua mbili. Pengine aliuacha mtaimbo akalala kabisa, kifudifudi, shavu kwenye vumbi.

Mahali pa kwanza alipolala palikuwa mbele ya mama mmoja muuza vitumbua. Mimi nilikuwa nyuma naandika. Mama yule aliona mwanamume mzima ameanguka katikati ya njia, amefumba macho, hatikisiki. Akaacha kikaango, akaja mbio, akamfungua mkanda, akaanza kumpepea kwa kanga na kumwita baba, baba. Mlinzi, ambaye ndio kwanza amesikia mapigo, hakutaka kuyapoteza, akainua kidole kimoja kuomba kimya. Mama akadhani anataka kuacha wosia. Aliwaita wenzake waje wawe mashahidi.

Nilipofika tayari kulikuwa na watu kama thelathini. Nilieleza jambo lenyewe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hawakuniamini. Mama wa vitumbua, kwa kuwa alikuwa ameshapiga magoti, aliinama na yeye akaweka sikio chini. Akakaa hivyo kidogo, uso wake ukabadilika.

"Kweli," akasema. "Kuna mtu anabisha hodi."

Baada ya hapo hakuna aliyebaki amesimama. Soko zima la Mpanda lililala chini kusikiliza. Wauza ndizi walilala, wateja walilala, mshonaji alitoka kwenye cherehani yake na futi shingoni akalala. Kulikuwa kimya kabisa, unasikia kikaango tu kinachemka peke yake. Katika kimya hicho akatokea katibu wa chama kwa baiskeli, amevaa kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi. Akashuka. Aliwatazama wananchi wake wamelala kifudifudi saa tano ya asubuhi, siku ya kazi, na niliona anatafuta maneno.

"Ndugu," akaniambia, maana mimi ndiye nilikuwa nimesimama, "nani kawalaza hawa?"

"Wanasikiliza bomba, ndugu katibu."

Alifikiri. Akaegemeza baiskeli, akatoa leso mfukoni, akaitandika chini, akapiga magoti juu ya mfuko mtupu wa sukari aliousogezewa na muuza duka, akaweka sikio kwenye leso. Alikaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipoinuka alijipangusa magoti, akatangaza kwamba ni kweli linagonga, na akawataka wote watulie hapohapo, mtu asipite na mkokoteni mpaka kazi ya taifa iishe. Kwa hiyo mlinzi wetu akaendelea kwa amani, na kila alipoitikia kwa kichwa mimi nilisimika kigingi, na watu walitambaa nyuma yetu kuhakikisha.

Vigingi havikufuata chokaa hata mahali pamoja. Vilitoka sokoni vimenyooka, vikapita nyuma ya zahanati, vikakata kona ya kile kiwanja cha wodi, vikaingia kwenye uzio wa Bwana Maji, katikati ya migomba. Nikamwomba mzee mpishi asimame palepale alipopaonyesha, ndani ya uzio, nikapima futi sitini mashariki. Tepu iliishia kwenye kigingi cha mlinzi, imepungua kama kiganja hivi.

Bwana Maji hakutandaza mikono mara hii. Katibu alikuwepo, msimamizi wa waashi alikuwepo, na soko lilikuwepo. Alisema ichimbwe kwa uangalifu. Fundi mkuu, ambaye alikuwa ameteremka kutoka kilimani na masikio yanamvuma, alichimba kati ya migomba miwili mikubwa. Udongo wa juu ulikuwa mkavu. Kuanzia goti kwenda chini ulikuwa tope. Kisha bomba likaonekana, jeusi, nene, na kwenye maungio yake maji yalikuwa yanatoka taratibu, safi, bila haraka, kama yamekuwa yakifanya hivyo tangu mgodi ulipofungwa. Mizizi ya migomba yote ilikuwa imelizunguka. Hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umeelekea upande wa samadi.

Mimi nilitazama daftari langu. Nilimwonea huruma, kwa kweli, kwa sababu alikuwa mtu mwema na hakujua. Naapa kwamba hakujua. Alilegeza tai yake, ambayo sikuwahi kuona ameilegeza, akachuchumaa ukingoni mwa shimo, akatia mkono kwenye yale maji.

"Basi mbolea ndiyo hii," akasema.

Ndipo watu wakacheka, na yeye pia. Mama wa vitumbua akamwambia asijali, mzee, hata hivyo ndizi zilikuwa tamu. Katibu alikohoa, akasema suala la cheti litaangaliwa, lakini sikuwahi kusikia kwamba liliangaliwa, na jembe alibaki nalo.

Msingi wa wodi ulisogezwa futi kumi upande wa magharibi, waashi wakaanza asubuhi iliyofuata, na mvua za kwanza zilipofika kuta zilikuwa kwenye usawa wa madirisha. Fundi mkuu aliziba maungio. Mji ulipata maji yenye nguvu mpaka bomba la sokoni likawa linarusha ndoo za watu. Migomba ilinyauka kuanzia majani ya nje, na mwaka uliofuata ilizaa vidole vidogo kama vya mtoto. Bwana Maji aliacha kutoa somo la mbolea. Badala yake alianza kufundisha namna ya kulala chini na kusikiliza, na alifundisha vizuri, ingawa mlinzi alimrekebisha mara kwa mara kuhusu sikio gani.

Mzee mpishi tulimrudisha Sibwesa, amekaa mbele. Sahani ya buluu aliomba aichukue. Sikuthubutu kumuuliza ataifanyia nini, lakini fundi mkuu, aliyepita huko miezi kadhaa baadaye, alisema aliikuta imewekwa maji ya kuku.

Mimi nilichora ramani mpya miezi yote ya masika, napima kutoka kwenye kona ya stesheni, ambayo nilitumaini haitahama. Kazi haikuisha kama mama alivyodhani, kwa kuwa amri ile ya wilayani ilikuwa imewaingia watu kuliko ilivyokusudiwa. Walikuja ofisini kila siku. Mmoja alitaka kuchimba shimo la nguzo ya kamba ya kuanikia. Bibi mmoja alitaka kuvuna viazi vitamu vyake mwenyewe, akaogopa.

Aliyetoka mbali kuliko wote alikuwa baba mmoja wa yale makazi mapya ya watu waliokimbia kutoka Burundi. Alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope, amesafiri tangu alfajiri. Alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba anataka kuchimba kisima, amesikia kwamba ni lazima kwanza tuje tusikilize. Bwana Maji alimweleza kwamba kule hakuna bomba, hakuna hata moja, amri ni ya mjini tu. Baba yule alikubali kila neno, akabaki amekaa. Alisema katika maisha yake ameshafukuzwa mahali kwa kosa ambalo hakulijua, na safari hii anataka ajue.

Kesho yake tulikwenda, mlinzi na mimi. Mke wake na watoto walikuwa wamefagia uwanja mzima kwa ajili yetu. Mlinzi aliuliza kisima kitakuwa wapi, akaonyeshwa. Akavua kofia, akalala kifudifudi, akafumba macho, akasikiliza kwa uangalifu uleule wa sokoni, sikio moja kisha jingine. Hapakuwa na mtu wa kugonga popote. Akainuka, akajipangusa.

"Hapa hakuna kitu," akasema.

Baba yule akashusha pumzi, akatushika mikono, akatufungia maharage kwenye kitambaa. Tulipokuwa tunafika barabarani nilisikia jembe lake likianza.